Kompyuta Imekufa, Diski Nzima: Lipia Nini, Acha Nini

Ukipita mtaa wa Rhonda, Nakuru, jioni kuelekea Kaptembwo, vibanda vya saiba vimebandika matangazo yanayofanana: eCitizen, iTax, HELB, KUCCPS, fotokopi, picha za pasipoti. Ndani mna kompyuta mbili tatu, na mara nyingi ile inayobeba kazi yote ndiyo kongwe kuliko zote. Ina Windows 7 iliyowekwa miaka mingi iliyopita. Ina barua za wateja, CV za nusu ya mtaa, na programu ya hesabu iliyonunuliwa kwa mtu ambaye siku hizi hapatikani kwa simu.

Asubuhi moja unaibonyeza, haiwaki. Fundi anaifungua, anapuliza vumbi, anabonyeza tena, anatikisa kichwa. "Mama, bodi imeenda. Lakini diski iko sawa. Tafuta mashine nyingine, nikuhamishie Windows yako vile vile ilivyo. Hutapoteza kitu."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayokula pesa za watu. Kwa ajili ya mwenye haraka, nasema msimamo wangu mapema: usilipie kuhamisha Windows ya zamani. Lipia kuhamisha kazi yako. Windows unayohitaji, mara nyingi, imeshalipiwa ndani ya mashine utakayonunua.

Bei ninazotaja hapa ni makadirio ya kupangia bajeti, kwa vifaa vya mtumba na kazi ya fundi wa kawaida mjini Nakuru. Hupanda na kushuka, kwa hiyo uliza maduka matatu kabla ya kutoa shilingi.

Kwanza hakikisha imekufa kweli

Jina la Nakuru lenyewe hufasiriwa kutoka Kimaasai kuwa mahali pa vumbi, na mwenye duka kando ya barabara ya udongo Rhonda hahitaji kuelezwa zaidi. Vumbi huziba feni, feni ikilemewa joto hupanda, na mashine hujizima. Kompyuta nyingi zinazoitwa maiti zina ugonjwa mdogo.

Mwambie fundi ajaribu mambo matatu mbele yako. La kwanza ni pawa saplai, kile kisanduku kinachopokea umeme nyuma ya mashine. Iliyotumika huuzwa kati ya shilingi 1,000 na 2,000, na fundi mwenye nyingine mkononi huijaribu kwa dakika tano. La pili ni RAM: ichomolewe, meno yake yasuguliwe polepole kwa raba ya penseli, irudishwe. Hiyo haina gharama.

La tatu ni betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye bodi, aina ya CR2032, ya shilingi 50 hadi 150. Ikiisha, mashine husahau tarehe na mipangilio yake. Tarehe ikirudi miaka nyuma, kivinjari hukataa kufungua eCitizen kikidai tovuti si salama. Mipangilio ya diski nayo ikibadilika, Windows iliyokuwa nzima jana huleta skrini ya bluu leo, ndani ya mashine ile ile. Kuna watu wamenunua kompyuta nyingine kwa sababu ya betri ya shilingi 100.

Ikiwa bodi imekufa kweli, uliza kama bodi ya modeli ile ile inapatikana, kwa 2,500 hadi 5,000. Hapo Windows yako huwaka bila ubishi, kwa sababu haioni mabadiliko makubwa. Lakini bodi hiyo ina umri sawa na ile iliyokufa. Nunua tu kama unahitaji miezi michache ya kumalizia kazi iliyoko, na kama fundi anakupa dhamana ya maandishi.

Kwa nini Windows ya zamani hukataa nyumba mpya

Mimi niliwahi kulipia kosa hili. Nilichomoa diski ya Windows 7 kwenye mashine iliyoungua, nikaipeleka ifungwe kwenye kompyuta ya mezani ya ex-UK, yaani mtumba kutoka Uingereza. Nembo ya Windows ilitokea, skrini ikawa bluu, chini yake pakaandikwa 0x0000007B, mashine ikazima na kuwaka tena. Ikarudia hivyo hivyo. Nilitoa 1,000 ya kufunga, 1,500 ya kurekebisha, kisha 1,000 nyingine ya kuweka Windows upya, jambo ambalo lingefanywa tangu mwanzo. Shilingi 3,500, na siku tatu bila mteja.

Sababu ni nyepesi. Windows 7 inapowekwa mara ya kwanza hutazama vifaa vilivyopo na kuandaa draiva, zile programu ndogo zinazoiwezesha kuongea na kifaa, kwa vile inavyoviona tu. Mashine ya zamani iliongea na diski kwa njia ya IDE, mpya inaongea kwa njia ya AHCI. Draiva ya AHCI imo ndani ya Windows 7, ila imezimwa. Windows inaanza kuwaka, kisha inashindwa kuiona diski ambayo yenyewe imekaa juu yake. Ni mtu aliyejifungia nje na ufunguo umebaki mezani.

Kama mashine ya zamani bado inawaka, fundi anayejua kazi huwasha draiva hiyo kabla ya kuchomoa diski, kwa kubadilisha thamani moja kwenye rejista: kipengele cha msahci, neno Start, kiwe 0. Ni kazi ya dakika mbili. Ipo pia Sysprep, chombo cha Microsoft chenyewe, kinachoifanya Windows isahau vifaa vya zamani. Lakini vyote viwili kwa kawaida hufanywa mashine ikiwa hai, na wengi hufika kwa fundi ikiwa imeshazima.

Kizuizi cha pili ni namna ya kuwaka. Diski nyingi za Windows 7 zimepangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR, unaohitaji BIOS ya kizamani, ile programu ya bodi inayoanzisha mashine. Mashine nyingi za sasa huwaka kwa UEFI, na baadhi zimeondoa kabisa njia ya zamani. Diski inaonekana, lakini mashine inasema hakuna mfumo wa kuwasha.

Kizuizi cha tatu huja ukiwa umeshafurahi. Windows 7 haikuja na draiva za USB 3.0 wala za SSD za aina ya NVMe. Unaweza kuiona Windows yako kwenye skrini ukawa huna kipanya wala kibodi inayofanya kazi, kwa sababu matundu yote ya mashine hiyo ni ya USB 3.0.

Cha nne hakionekani kabisa. Kama Windows yako ni ya biti 32, haiwezi kutumia RAM zaidi ya GB 4, hata ukinunua mashine yenye GB 8. Umelipia GB 8, unatumia nusu. Na hakuna njia ya kuipandisha kutoka biti 32 hadi 64 bila kuweka upya.

Windows 10 na 11 ni tofauti. Hizo ukizihamisha, mara nyingi huwaka, hukaa kidogo zikitambua vifaa, kisha huendelea. Zikigoma, angalia BIOS kama diski imewekwa kwenye RAID badala ya AHCI, au kama diski ni ya MBR. Kwa hilo la pili Microsoft imeweka chombo cha bure ndani ya Windows 10 kinachoitwa mbr2gpt. Fundi akikutoza 3,000 kwa kuendesha mbr2gpt, amekuzidishia.

Leseni: hapa ndipo pesa kubwa ilipo

Windows iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani ina leseni ya OEM. Leseni hiyo imefungwa kwenye bodi. Bodi ikifa, nayo imekufa. Haihami pamoja na diski. Leseni iliyonunuliwa peke yake dukani ndiyo inayoweza kuhamia mashine nyingine, moja kwa wakati mmoja. Katika vibanda vyetu, hiyo ya pili ni nadra.

Kwa hiyo hata fundi akifaulu kuhamisha diski, baada ya siku kadhaa Windows itaanza kudai leseni. Hapo ndipo utaambiwa kuna "kuamsha" kwa shilingi 300. Hiyo ni kraki. Kraki mara nyingi huhitaji uzime kinga ya virusi ndipo ifanye kazi, nawe hujui imeingia na nini. Saiba ambayo wateja wanaandikia nywila za iTax na eCitizen haina ruhusa ya kubahatisha hivyo.

Sasa linganisha. Leseni mpya ya Windows 11 Home, kwa bei ya Microsoft Marekani, ni dola 139. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hiyo ni karibu 18,000. Inazidi bei ya kompyuta nyingi za mtumba.

Lakini tangu zama za Windows 8 zilizoanza 2012, watengenezaji wakubwa wamekuwa wakiandika ufunguo wa leseni ndani ya bodi yenyewe. Kompyuta za ex-UK nyingi zilitoka ofisini zikiwa na Windows Pro. Ukiweka upya Windows ya toleo lile lile, ikapata intaneti, hujiamsha yenyewe bila kulipa chochote. Hiyo ndiyo Windows niliyosema imeshalipiwa. Kuifuta na kuweka juu yake diski ya Windows 7 isiyo na leseni ni kutupa kitu cha shilingi elfu kadhaa ili ubaki na kitu cha bure kilichooza.

Nasema kilichooza kwa sababu Microsoft iliacha kutoa viraka vya usalama vya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Toleo la mwisho la Chrome kufanya kazi juu yake lilikuwa la 109. Tangu Februari 2023 matoleo mapya hayaikubali. Kidogo kidogo tovuti zinaanza kugoma. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wake 14 Oktoba 2025. Kwa watu binafsi kuna nyongeza ya viraka hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo ukiunganisha mipangilio ya mashine na akaunti ya Microsoft. Usimlipe mtu kwa hiyo njia ya pili, ifanye mwenyewe.

Njia tano, bei zake na maisha yake

Njia ya kwanza: kuchomoa diski na kuifunga kwenye mashine mpya vile ilivyo. Fundi hutoza 1,000 hadi 3,500. Kwa Windows 7 ni bahati nasibu, kwa Windows 10 ina nafasi nzuri. Udhaifu wake ni kwamba unaendelea kutegemea diski ya miaka kumi. Tena diski ya kompyuta ya mezani ya inchi 3.5 haiingii kabisa kwenye laptopu wala kwenye baadhi ya kompyuta ndogo za mezani. Pima kwanza.

Njia ya pili: kunakili diski nzima kwenda SSD mpya. SSD ya GB 240 au 256 hupatikana kwa 2,500 hadi 4,000. Programu ya kunakili, Clonezilla, ni ya bure. SSD huharakisha mashine kongwe kuliko kifaa kingine chochote cha bei hiyo, na haina sehemu inayozunguka ya kuvunjika. Lakini kunakili hakuondoi skrini ya bluu wala hakuleti leseni. Njia hii inafaa kama mashine yako ni nzima na diski ndiyo inayokufa. Kumbuka Clonezilla hutaka diski mpya iwe na ukubwa sawa na ya zamani au zaidi.

Njia ya tatu: kuweka Windows upya kwenye mashine mpya, kisha kuhamisha mafaili. Kuweka Windows ni 500 hadi 1,500 kwa fundi, au flashi ya GB 8 na bando ukifanya mwenyewe. Kusoma diski ya zamani unahitaji kifaa cha kuiunganisha kwa USB. Cha diski ya laptopu ni 500 hadi 1,000. Cha diski ya inchi 3.5 lazima kiwe na chaja yake ya umeme, kwa hiyo ni 1,500 hadi 2,500. Ukiuziwa cha bei ndogo kisicho na chaja, diski hiyo haitazunguka. Mafundi wengi wanacho, mwombe wako atumie chake.

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa wengi. Hasara yake ni siku moja ya kuweka tena printa, skana na programu zako. Faida yake ni mashine safi, yenye leseni, inayopokea viraka.

Njia ya nne: kuifungia Windows ya zamani ndani ya mpya. Hii ni kwa mwenye programu moja isiyokubali kufunguka kwingine, kama ile ya hesabu ambayo mwenyewe hapatikani. Disk2vhd ya Microsoft, ya bure, hugeuza diski nzima kuwa faili moja. VirtualBox, nayo bure, huliwasha faili hilo kama kompyuta ndani ya kompyuta. Unahitaji angalau GB 8 za RAM na nafasi ya kutosha kwenye diski. Kisheria leseni ya OEM haihamii humo, kwa hiyo usiifanye makao ya kudumu. Ikatie intaneti, toa rekodi zako kwa Excel au PDF, kisha uifunge.

Njia ya tano: kuachana na Windows, uweke Linux. Haina malipo, toleo kama Linux Mint huenda vizuri na GB 4 za RAM, na virusi vingi vya flashi havina meno kwake. Tena Linux hubeba draiva nyingi ndani yake, kwa hiyo siku bodi ikifa unachomoa diski, unaifunga kwingine, na kwa kawaida inawaka. Kwa kazi ya kivinjari, barua na kuchapisha, inatosha. Lakini hakikisha printa yako inakubali, na fomu zako za Excel zenye makro zinafunguka, kabla ya kuhama. Hili hujaribiwa bure kwa kuwasha Linux kutoka kwenye flashi bila kugusa diski.

Gharama ambazo hakuna anayezitaja

Umeme. Kompyuta kubwa ya mezani pamoja na monita inaweza kula wati 80, laptopu wati 25. Kwa saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ya mezani hutumia karibu unit 21, laptopu unit 6.5. Ukihesabu unit moja kwa shilingi 28, tofauti ni kama 400 kwa mwezi, 4,800 kwa mwaka. Ukiongeza stima inapopotea katikati ya kazi ya mteja, laptopu yenye betri inaanza kujilipa. UPS ya kompyuta ya mezani ni 6,000 na kuendelea.

Wi-Fi. Kompyuta nyingi za mezani za ex-UK hazina. Ongeza 500 hadi 1,000 ya kifaa cha USB. Monita ya inchi 19 nayo ni 3,500 hadi 6,000, na bei ya "kompyuta" iliyoandikwa mlangoni mara nyingi haina monita wala kibodi. Uliza: "Bei hii ni pamoja na nini?"

Bando. Faili la kuweka Windows 11 linazidi GB 5. Beba flashi yako kwa rafiki mwenye intaneti isiyo na kikomo.

Printa ya zamani. Mteja hajali una Windows gani, anataka karatasi itoke. Printa nyingi kongwe zina draiva ya biti 32 pekee. Tafuta draiva ya biti 64 ya modeli yako kabla ya kununua mashine, kwa sababu kubadilisha printa kunaweza kukugharimu zaidi ya mashine.

Programu za kulipia. Baadhi hufungwa kwenye mashine moja, na kuzifungua kwingine hudai ada. Mpigie muuzaji kwanza.

BitLocker. Kama mashine ya zamani ilikuwa na Windows 10 au 11, diski inaweza kuwa imefungwa kwa siri. Ukiihamisha itadai ufunguo wa tarakimu 48. Bila ufunguo huo mafaili hayasomeki, hata kwa fundi hodari. Uutafute kwenye akaunti yako ya Microsoft kabla ya kumlipa mtu chochote.

Ukiwa dukani, kagua hivi

Usinunue mashine iliyozimwa. Iwashe, ingia BIOS, hakikisha haina nywila. Mashine iliyotoka ofisi ya ng'ambo na BIOS iliyofungwa itakutesa siku utakapotaka kuwasha kutoka kwenye flashi.

Fungua sehemu ya amri, andika slmgr /xpr. Ikikwambia imeamshwa kwa kudumu, vizuri. Ikikuonyesha tarehe ya kuisha, si leseni ya kudumu. Mwambie muuzaji aweke Windows upya mbele yako uone kama inajiamsha.

Kama ni laptopu, andika powercfg /batteryreport, ulinganishe uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wa sasa. Ikibaki chini ya nusu, punguza bei kwa thamani ya betri mpya. Chomoa chaja pia, uache iendeshe dakika kumi huku mkibishana bei.

Tazama kizazi cha prosesa. Windows 11 hutaka Intel ya kizazi cha 8 kuendelea au ya AMD inayolingana nayo, chipu ya TPM 2.0, na angalau GB 4 za RAM. Mimi nasema 8. Mashine ya kizazi cha 4 au cha 6 ni rahisi kwa 8,000 hadi 10,000, lakini haimo kwenye orodha ya Windows 11. Inafaa kwa mwenye mpango wa Linux.

Chukua risiti yenye namba ya mashine na muda wa dhamana. Ahadi ya mdomo huisha ukishavuka barabara.

Kulingana na mfuko wako

Una 5,000: usinunue kompyuta. Rekebisha pawa saplai au betri ya bodi, ongeza SSD, weka Linux. Hapo una mashine ya kivinjari na barua itakayokusukuma mwaka mwingine. Kama bodi imekufa kabisa, tumia sehemu ndogo kunakili mafaili yako kwenye flashi mbili tofauti, uanze kuweka akiba.

Una 12,000 hadi 16,000: kompyuta ya mezani ya kizazi cha 6, pamoja na monita yako ya zamani. Weka Linux, au tumia Windows 10 yenye leseni ukijua tarehe yake ya mwisho. Usikubali kuongezwa 3,000 za "kuhamisha Windows 7".

Una 22,000 hadi 30,000: laptopu ya kizazi cha 8 yenye SSD na GB 8 za RAM, Windows 11 iliyojiamsha. Ni ghali mwanzoni, lakini umeme, UPS, monita na Wi-Fi vimo ndani. Kwa mwenye saiba ya mashine moja, hapa ndipo shilingi hukaa muda mrefu zaidi.

Una zaidi ya hapo: usinunue ya bei kubwa zaidi. Nunua hiyo hiyo, pesa inayobaki iwe ya diski ya nje ya kuhifadhia nakala. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la siku hizi limo ndani ya diski.

Neno juu ya diski ya zamani

Diski ikianza kutoa mlio wa tak-tak, izime mara moja. Usiruhusu ijaribiwe kwenye mashine tano ili kuona kama itawaka. Kila jaribio linaimaliza. Nakili mafaili kwanza, majaribio baadaye. Ifunge kwa kitambaa laini unapopanda matatu kwenda mjini, isigonge ndani ya mkoba.

Ukishamaliza kunakili na kuhakikisha kila faili linafunguka, kaa nayo mwezi mmoja kabla ya kuifuta. Kisha iunganishe, uifanyie fomati kamili, si ile ya haraka. Fomati ya haraka huacha mafaili palepale yakisubiri mwenye programu ya kuyafufua. Diski ya saiba ina nakala za vitambulisho, nywila na fomu za mikopo za watu wanaokuamini, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhesabu kuwa mtunzaji wake. Isiuzwe kwa kilo kama chuma chakavu, wala isiishie dampo la Gioto ikiwa na majina ya jirani zako.

Ritani za kodi za mtu binafsi hufungwa 30 Juni kila mwaka, na mwezi huo foleni ya saiba hufika nje. Mwenye mashine inayokohoa afanye uamuzi kabla ya hapo, wakati bado inawaka na mafaili yanatoka kwa urahisi. Leo, kabla hujafunga duka, chomeka flashi na unakili folda yako ya kazi. Hiyo haikugharimu kitu, na hakuna fundi atakayekuuzia usalama mkubwa kuliko huo.